Ramli, Bufumu na Tambiko: Asili ya Maneno na Safari Yake hadi Usukumani

Mfasiri atakayeishika Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1928, ambayo leo ni Sura ya 18 ya sheria za Tanzania, atakwama mapema, katika fasili zenyewe. Sheria hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inaweka chini ya neno uchawi kundi zima la mambo: kuroga, kupumbaza watu kwa mazingaombwe, kutumia vyombo vya kichawi, na hata kule kudai tu kwamba mtu anao uwezo au elimu iliyofichika kwa wengine. Je, mzee wa Kishapu anayemimina pombe ya mtama juu ya kaburi la babu yake na kumwomba awaangalie wajukuu, anadai elimu iliyofichika? Na mganga wa Geita anayempasua kuku na kumweleza mtu chanzo cha ugonjwa wake? Na yule anayeketi mbele ya ubao akipiga nukta? Tangu mwaka 2021, sheria zilipofanyiwa marekebisho na Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, maswali haya yametoka vyuoni na kuingia katika meza za wafasiri wa serikali, makarani na mahakimu.

Jawabu la haraka ambalo wengi wetu tumelizoea ni kuandika ramli. Magazeti huliandika, viongozi hulitamka katika mikutano ya hadhara, na walimu hulitumia darasani kwa kila namna ya kuuliza mambo yasiyoonekana, pamoja na kule kuwauliza wafu. Katika makala haya tutajaribu kueleza neno hili lilitoka wapi, lilikuwa na maana gani, lilifikaje Shinyanga na katika nchi ya dhahabu ya Geita, na lilipofika huko lilifunika nini. Maoni yetu tuyaseme mapema: ramli, kwa asili yake, haina wafu ndani yake. Wafu walitiwa ndani ya neno hili huku bara, na matokeo yake yamekuwa makubwa kuliko yale ambayo kwa kawaida huletwa na kosa la istilahi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Raml ni mchanga, na ‘ilm al-raml ni elimu ya mchanga. Yafaa tuangalie kwamba Waswahili hawakulichukua kwa maana yake ya kwanza. Mchanga tulikuwa nao, na jina lake tulikuwa nalo. Hapana fundi wa Kiswahili ajengaye nyumba kwa saruji na ramli. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 zote zinalihusisha neno hili na kazi ya kubashiri. Kwa hiyo tuliazima elimu, mchanga tukauacha kwa wenyewe.

Elimu hiyo ni ya hesabu. Mpiga ramli hupiga nukta mchangani, au juu ya ubao ulionyunyiziwa mchanga au unga, safu baada ya safu, bila kuzihesabu. Kisha huziondoa mbili mbili mpaka kila safu ibakiwe na nukta moja au mbili. Safu nne hufanya umbo moja, na kwa kuwa kila safu ina njia mbili tu za kubaki, maumbo yote yanayowezekana ni 16, hayazidi wala hayapungui. Kwanza hupatikana maumbo manne yaitwayo mama. Kutokana na hayo huzaliwa mengine kwa kujumlisha, nayo hupangwa katika nyumba zake, nyumba ya mali, ya ndugu, ya safari, ya maradhi na kadhalika. Ndipo mpiga ramli husoma. Pwani husemwa pia kupiga bao, na ni ubao huo unaotajwa, si mchezo wa kete.

Katika shughuli yote hii hapana mfu asemaye. Hapana pepo apandaye kichwani, wala babu aamkaye. Kuna mtu aliyesoma, kuna kitabu, kuna kanuni zilizokwishawekwa. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliieleza kazi hii kuwa ni riziki ya watu wa mijini, akaikosoa kwa kuwa kanuni zake zimewekwa na watu tu. Hata aliyeikosoa aliiona kuwa ni mfano wa sayansi iliyokosa msingi. Hakuiita mazungumzo na wafu.

Elimu hii ilisafiri mbali. Madagaska iko hadi leo kwa jina la sikidy, na Afrika ya Magharibi maumbo 16 yamo katika uaguzi wa Ifa wa Wayoruba. Ulaya iliipokea katika karne ya 12, na hapa wafasiri wenzetu watapenda kujua kwamba mlango wake ulikuwa ni tafsiri. Hugo wa Santalla, aliyefanya kazi Hispania, aliifasiri kutoka Kiarabu hadi Kilatini, na alipohitaji jina alichukua neno kongwe, geomantia, uaguzi wa ardhi, ambalo kabla yake lilikuwa na maana nyingine isiyohusu nukta. Alilivisha neno la zamani kitu kipya. Huku kwetu bara ilitokea kinyume chake: neno jipya lilivishwa kitu cha zamani.

Kitu hicho cha zamani, huko Usukumani, ni bufumu. Mwenye bufumu huitwa nfumu, na wengi wao ni bafumu. Shina hili ni miongoni mwa mashina yenye historia ndefu katika lugha za Kibantu. Wahaya wana omufumu na Wanyarwanda wana umupfumu, nao wote ni watu wa kuagua na kutibu. Lakini tukienda kusini na magharibi tunakuta mfumu wa Wachewa, imfumu ya Wabemba na mfumu wa Wakongo, na hao ni machifu. Wataalamu wa isimu-historia huyarudisha maneno haya kwenye shina moja la kale, -kumu, ambalo katika misitu ya Kongo bado linasikika katika nkumu, mkubwa wa watu. Inaonekana kwamba hapo kale mtu aliyeheshimiwa kwa kuongoza na mtu aliyeheshimiwa kwa kujua hawakuwa mbali; baadaye baadhi ya lugha zikashika upande mmoja wa maana na nyingine upande wa pili. Usukumani uongozi ulipata jina lake, ntemi, na bufumu ikabaki kwa wenye kujua.

Nfumu hajiteui. Masimulizi ya Wasukuma na maandishi ya watafiti yanakubaliana kwamba kwa kawaida mtu huanza kwa kuugua, au kwa ndoto zisizokoma, mpaka ijulikane kuwa masamva wanamtaka. Masamva ni wafu wa ukoo, na aghalabu anayemtaka mtu aifanye kazi hiyo ni babu au bibi aliyekuwa nayo zamani. Njia iliyo maarufu kuliko zote ni bufumu bwa ngoko, yaani ya kuku. Mwenye shida huleta kuku aliyempa mate au pumzi yake, ili kuku huyo abebe habari zake. Nfumu humpasua na kusoma alama za mbawa, nyama na matumbo. Hapa pia kuna kusoma. Lakini Msukuma hasemi kwamba kanuni za kitabu ndizo zinazojibu. Wanaojibu ni wafu, na nfumu ni msomaji wa barua yao. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Kiswahili hakikukosa maneno yake kwa jambo hili. Tunalo kuagua, ambalo ni ndugu wa kulagula la Kisukuma na Kinyamwezi, okulagula la Kiganda na kuragura la Kinyarwanda. Sauti l ya mwanzo imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika kuota, ambalo jina lake ndoto bado linatuonyesha kwamba palikuwa na konsonanti. Katika lugha nyingi za ndugu zetu hawa kitenzi hiki kina maana ya kutabiri au kufichua kilichofichika. Katika Kiswahili kimebeba pia maana ya kutibu, kwa sababu mwenye kujua sababu ya ugonjwa ndiye aliyeagiza dawa. Tunalo kuganga, ambalo halihusu mizimu hata kidogo: ni kufunga, kuunga na kuponya kilichovunjika, na methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, inatosha kuwa ushahidi. Tunalo mzimu, ambalo wengi hulihusisha na kuzima na kuzimika, na ambalo jamaa zake wamepata bahati mbalimbali: kwa Washona mudzimu ni mhenga, kwa Watswana Modimo ni Mungu, na kwa Wazulu izimu ni jitu lilalo watu, kama zimwi letu la hadithini. Na tunalo kutambika, kuwapa wafu chao. Katika Kikongo kitenzi cha umbo hilohilo humaanisha kumkabidhi mtu kitu mkononi, na twaona kwamba maana hiyo inalifaa sana tambiko, kwa kuwa anayetambika hatafuti habari. Habari amekwishapata, naye sasa analipa deni.

Pwani, tena, kulikuwa na mkoba mwingine kamili wa maneno kwa ajili ya pepo: kupunga, kupanda na kupandisha, kilinge, na kiti, yaani mtu ambaye pepo humkalia. Mgonjwa aliyekuwa mikononi mwa mganga aliitwa mteja, na ni ajabu ndogo ya lugha yetu kwamba neno hilo leo linakaa katika mabenki na maduka bila yeyote kukumbuka ngoma zake. Usukumani na Unyamwezini shughuli iliyokaribia hii ilikuwa ya chama cha Baswezi, ambacho Hans Cory alikiandikia mwaka 1955, na ambacho jina lake linaelekea kwa Bachwezi wa Bunyoro. Huko mfu au pepo huja mwilini mwa mtu na kusema kwa kinywa chake. Hii nayo siyo ramli. Wala siyo bufumu ya kuku.

Basi, kwa utajiri huu wote, ramli ilipataje kushika nafasi ya mbele?

Sababu ya kwanza ni njia ya misafara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia iliyotoka pwani hadi Tabora na kuendelea hadi maziwani. Watu wa pwani walipanda na hirizi, vitabu na bao la ramli. Watu wa bara walishuka na kurudi na maneno. Jambo la kigeni lina heshima yake, na elimu iliyoandikwa ilikuwa na heshima maradufu. Sababu ya pili ni serikali. Wajerumani waliendesha utawala wao kwa Kiswahili, Waingereza wakaendelea nacho katika ngazi za chini, na karani aliyetaka kuandika barazani kwamba mtu fulani alikwenda kwa nfumu alihitaji neno ambalo mkubwa wake wa kutoka mkoa mwingine angelielewa. Aliandika: alikwenda kupiga ramli. Mtu wa Shinyanga, ambaye lugha yake ya nyumbani haina sauti r, alisema na bado husema lamli, nalo neno likawa kama la kwao.

Sababu ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa, ni migodi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi mkubwa ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo mikubwa walikuwapo wachimbaji wadogo, ambao waliongezeka sana tangu miaka ya 1980, Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wahaya na wengineo kutoka kila upande wa nchi, wakikaa pamoja katika makambi kama yale ya Nyarugusu na Rwamagasa. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Mtu akiwa kambini yuko mbali na makaburi ya kwao, na mganga anayemwendea hamjui babu yake wala bibi yake. Hawezi kumwambia kwamba babu fulani ana kiu. Swali nalo limebadilika: haulizi tena kwa nini mtoto anaugua, bali kwa nini duara la jirani limetoa dhahabu na lake limetoa mawe, na nani amelifunga. Mganga huzindika duara na kutoa dawa ya bahati. Katika hali hiyo masamva hawana la kusema, na neno bufumu, lililofungamana nao, halina pa kukaa. Ramli, neno lisilo na ukoo, lilikuwa tayari.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lenye uzito. Uaguzi wa Kisukuma, mtu akileta shida yake, ulikuwa na milango miwili ya majibu. Mlango mmoja ni wa wafu: umewasahau, hukutimiza ahadi, kuna mzimu unaodai. Jibu hilo lilimaliza mambo kwa pombe, unga na mbuzi, na aghalabu liliwakusanya ndugu waliokuwa wamesambaa. Mlango wa pili ni wa walio hai: kuna mtu anakuloga, yuko karibu, ni mwanamke, ana macho mekundu. Macho ya bibi wa Usukumani huwa mekundu kwa sababu ya miaka mingi ya moshi wa kupikia kwa kuni na mavi ya ng’ombe; lakini jibu likishatoka halisubiri maelezo ya daktari. Neno moja linaloifunika milango yote miwili linaficha mahali damu ilipotokea.

Na damu ilitoka. Takwimu za serikali ambazo watafiti, akiwamo Simeon Mesaki, wamezitumia zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Serikali ilipojaribu kuyazima mwaka 1976 kwa msako mkali, watuhumiwa waliteswa na baadhi walifia mikononi mwa vyombo vya dola, hata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Watafiti hutaja sababu nyingi. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na pamoja nao mabaraza yaliyokuwa yakimaliza tuhuma kwa kumhamisha mtu badala ya kumwua. Kisha katikati ya miaka ya 1970 watu waliozoea kukaa mbalimbali walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, jirani akasogezwa mlangoni. Hatuwezi kusema kwamba neno ramli liliua mtu. Twaweza kusema kwamba lilifanya iwe vigumu kwa hakimu, mwalimu na mtawala kutofautisha mganga aliyemtuma mtu nyumbani kutambika na mganga aliyempa jina la shangazi yake.

Lugha ya watu ililiona pengo hilo na kulijaza. Katika miaka ya karibuni limeenea neno ambalo sisi tunaoshughulika na istilahi tungepaswa kulipigia makofi: ramli chonganishi. Kuchonga ni kukata na kutia ncha. Kumchongea mtu ni kumsemea vibaya kwa mkubwa wake. Kuchonganisha ni kuwatia watu ugomvi baina yao. Umbo la chonganishi ni lilelile la kauli chochezi, swali tatanishi na maelezo elekezi, njia ambayo wanaistilahi wetu waliitumia sana walipounda maneno kama sarufi geuzi na kitenzi rejeshi. Hapana kamati tunayoijua iliyolikalia. Nalo linafanya kazi ambayo sheria ya 1928 iliifanya kwa maneno mengi: sheria hiyo inamwadhibu hata yule anayemtaja mwenziwe kuwa ni mchawi, na neno chonganishi linaweka kidole hapohapo, katika kutaja. Halimgusi anayepiga nukta akamwambia mtu asafiri Jumatano. Halimgusi anayetambika.

Ila kivumishi ni kama mkia wa mjusi, hudondoka kwa urahisi. Mwezi Januari 2009, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, ingawa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 ilikuwa imekwishaweka utaratibu wa kuwasajili. Mwaka 2015 yalitangazwa makatazo mapya, na katika msako wa miezi ya mwanzo ya mwaka huo, uliogusa Geita, Shinyanga na mikoa jirani, walikamatwa watu zaidi ya 200. Habari zilizoandikwa kwa Kiswahili ziliwaita, pengine katika safu moja, waganga, waganga wa kienyeji, wapiga ramli na matapeli. Vyombo vya nje vilitumia lile neno la Kiingereza linalomuunganisha mchawi na tabibu kuwa mtu mmoja, neno ambalo Kiswahili, kwa sifa yake, hakijawahi kulihitaji: kwetu mganga na mchawi ni maadui.

Yafaa tuongeze kwamba mauaji ya watu wenye ualbino hayaingii vizuri hata chini ya ramli chonganishi. Huko hapana anayetajwa kuwa ni mchawi. Mganga mhalifu huagiza kiungo, na mtu mwenye tamaa hukitafuta. Utafiti wa Bryceson, Jønsson na Sherrington uliochapishwa mwaka 2010 uliyahusisha mauaji hayo na imani za bahati katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, na mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu katika kesi ya kwanza ya namna hiyo kufikia hukumu. Makosa yao yana jina, ni mauaji, na biashara iliyoyaandalia ni biashara ya viungo vya binadamu. Kuyaita ramli ni kuyapunguza. Tunafurahi kwamba upande mmoja wa istilahi hapa umetengemaa: zeruzeru limeachiwa nafasi na mtu mwenye ualbino, na waandishi wengi wamelipokea bila kusukumwa.

Kuchanganyika kwa maneno ya namna hii si aibu yetu peke yetu. Wagiriki walikuwa na neno la kuwauliza wafu lililoundwa kwa nekros, maiti, na manteia, uaguzi. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati, wakiwa hawajui Kigiriki, walilisikia kana kwamba lina niger, yaani nyeusi, ndani yake, wakaandika nigromantia; na tangu hapo kila uganga uliotisha ukaitwa hivyo, awe kuna maiti au hakuna. Wafasiri wa Biblia nao walipofika katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, ambapo zimekusanywa kazi nyingi za namna hii mahali pamoja, walilazimika kutafuta jina kwa kila moja, na kwa yule mwanamke wa Endori aliyempandishia mfalme Sauli mzimu wa Samweli, Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ilichagua kusema ana pepo wa utambuzi. Utambuzi leo ni neno la vitambulisho na la wanasaikolojia. Mwanafunzi anayelisoma hapo anahitaji msaada. Hata hivyo tunawasifu wafasiri hao kwa jambo moja: hawakuandika ramli.

Kutokana na hayo, tunaona kwamba uaguzi libaki kuwa neno la jumla, la kila namna ya kutafuta yaliyofichika, na kwamba ramli irudishwe katika mipaka yake, sanaa ya nukta na maumbo, isipokuwa pale inapofuatwa na chonganishi, ambapo yote mawili yachukuliwe kuwa istilahi moja isiyokatwa. Kutambika na tambiko yatumike kwa kuwapa wafu, si kwa kuwauliza. Kupandisha yahifadhiwe kwa pepo ajaye mwilini mwa mtu. Kwa kazi ya nfumu tungependa kuona ufumu ukiingia katika Kiswahili cha maandishi, kama utemi ulivyoingia, japo tunatambua kwamba mpiga chapa atauona mfumu na kuusahihisha kuwa mfumo.

Linabaki lile neno la fasili tulilolianza nalo, la elimu iliyofichika. Baadhi ya wafasiri hupenda nguvu za giza, lakini hiyo ni lugha ya mimbari, inayohukumu kabla ya kufasili. Wengine huandika elimu ya siri, na kwa hiyo humkamata hata fundi asiyetaka kufichua ufundi wake. Sisi tunaelekea kwa ghaibu, neno la Kiarabu lililokaa pwani siku nyingi kwa maana ya yasiyoonekana. Muislamu aliyesoma atasema kwamba elimu ya ghaibu ni ya Mungu tu, na kwamba mtu anaweza kuidai, hawezi kuwa nayo. Na sheria, kwa kuwa inamwadhibu anayedai, ilitaka hasa neno lenye tabia hiyo. Tatizo lake ni kwamba mzee wa Kishapu hajawahi kulisikia, na karani atakayemsomea shitaka itambidi amfafanulie, kwa Kisukuma, kwamba mahakama haiwazungumzii masamva wake.